Dogi wa Ruiru ana chanjo, mikrochipu na makaratasi ya kupanda ndege. Nani ameangalia tumbo lake?

Kama uko TikTok ushapatana na hizo video. Puppy amelazwa chali, kuna mkono umevaa glavu, halafu kutoka kwa ngozi yake inaanza kuchomoza kitu nyeupe, nono, polepole, kama Colgate ikikamuliwa. Unajiambia hutaangalia. Unaangalia mpaka mwisho, algorithimu inakuletea ingine, na kwa comments kila msee anaapa hatakula wali tena.

Mtandaoni wanaziita mango worms. Si minyoo. Ni mabuu, yaani watoto wa nzi mmoja wa rangi ya manjano-kahawia anayeishi Afrika, kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo. Jina lake la kisayansi ni Cordylobia anthropophaga, na hiyo neno ya pili maana yake ni mla watu. Wengine humuita tumbu, wengine nzi wa maembe. Na kabla hatujaenda mbali, baadhi ya hizo video ni za kupangwa. Kuna watu huumiza wanyama makusudi ndio waonekane wakiwaokoa, na mwaka 2021 YouTube ilitangaza kwamba uokoaji wa kuigiza wa aina hiyo haukubaliki kwake. Kwa hivyo ukiona channel moja iko na puppy mpya aliyejaa mabuu kila siku, jiulize anatolewa wapi.

Lakini leo tuongee kuhusu dogi wa kwetu, wa Membley, wa Kimbo, wa Ngoingwa, wa Makongeni. Biashara ya mbwa kwa hii barabara ya Thika imekuwa kubwa. Ukiingia Facebook ama Jiji sai utapata German Shepherd, Japanese Spitz, Boerboel, wote wakiuzwa na vijana wenye kibanda nyuma ya ploti. Wengine wananunuliwa na majirani wenye wamechoka kuibiwa. Wengine wanavuka Malaba na Namanga. Na kuna wale wenye ndoto yao ni JKIA: mwenye mbwa amepata kazi ama masomo majuu na hataki kuacha mtoto wake, ama kuna mtu diaspora amependa puppy kwa picha na yuko tayari kutuma doo.

Hao wa ndege ndio story iko hapo.

Mbwa akitoka Kenya kwenda Ulaya ama Uingereza, karibu kila kitu anachoulizwa ni kuhusu kichaa cha mbwa. Ni sawa kabisa. Hapa Kenya inakadiriwa kichaa huua watu kama 2,000 kila mwaka, na serikali iliweka mpango wa kukimaliza ifikapo 2030. Hakuna mtu mwenye akili anataka hiyo kitu ipande ndege. Ndio maana mbwa lazima awekwe mikrochipu kwanza, kisha achanjwe, kisha angojee siku zisizopungua 30, kisha atolewe damu ipelekwe maabara iliyoidhinishwa kuona kama chanjo imeshika, kisha angojee miezi mingine mitatu tangu hiyo damu itolewe. Kwa sababu chanjo yenyewe haikubaliki kabla ya wiki 12, piga hesabu: mbwa wa Kenya hawezi kuingia Ulaya kihalali kabla ya kugonga kama miezi saba. Marekani nayo, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haikubali mbwa yeyote wa chini ya miezi sita, atoke nchi yoyote ile, na Kenya iko kwa orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa. Kwa hivyo ukiona tangazo la msee wa Ruiru anasema anaweza kufikisha puppy wa wiki nane London, huyo anakuuzia hewa.

Baada ya hayo yote kuna cheti cha afya. Kinajazwa na vet, kinapigwa muhuri na watu wa DVS, ile idara ya serikali ya mifugo yenye makao Kabete. Kwa Ulaya na Uingereza, kutoka siku kinatolewa, mbwa ako na siku 10 awe amefika.

Siku 10. Weka hiyo namba kando kidogo.

Sasa rudi kwa nzi wetu. Jike hapendi jua kali. Anatembea asubuhi mapema na jioni, anatafuta mahali pa kivuli penye mchanga ama udongo wenye unyevu, hasa pakiwa na harufu ya mkojo ama kinyesi. Sasa wewe niambie kama hiyo si maelezo kamili ya kibanda cha mbwa cha ploti nyingi unazojua, msimu wa mvua. Hapo anataga mayai, kati ya 100 na 300. Anapenda pia nguo na blanketi zenye bado zina maji. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja hadi tatu, halafu vibuu vidogo sana vinakaa tu hapo chini vikingoja. Vinaweza kungoja bila kula kwa karibu wiki mbili. Mbwa akilala juu yao, wanahisi joto lake, wanaingia kwa ngozi. Hasikii chochote. Siku mbili za kwanza hakuna kitu cha kuona. Halafu inakuja kidoa chekundu cha kuwasha, halafu jipu, na katikati ya jipu kuna kashimo. Hako kashimo ndio pua yake, ingawa anapumulia upande wa nyuma. Baada ya siku kama 8 hadi 12 amenona, amefika sentimita moja na kitu, anatoka mwenyewe, anaanguka chini, anajifukia kwa udongo na kugeuka nzi.

Umeona? Maisha yake yote ndani ya mbwa yanatosha ndani ya cheti kimoja.

Mimi chuo niliachia njiani na hesabu haikuwahi kuwa rafiki yangu, lakini hii haihitaji digrii. Vet anakagua mbwa Jumatatu, msafi kabisa, anaweka sahihi. Mbwa anarudi nyumbani Ruiru. Jumanne usiku kunanyesha, analala palepale pake, udongo umelowa. Jumatano buu amesharipoti kazini. Ndege ni Jumatano ya wiki inayofuata. Pale uwanja wa ndege wanasoma chip, wanasoma karatasi, wanaangalia kreti kama ina nafasi ya kutosha na maji. Dogi anaonekana fiti. Hakuna mtu wa kumgeuza alale chali kwa foleni ya mizigo. Wikendi, kwa keja ya mtu huko Manchester, kuna kitu nyeupe inatembea kwa kapeti.

Na yule vet hakudanganya. Alichokiandika kilikuwa kweli Jumatatu.

Kitu kama hiyo imeshatokea na ikaandikwa. Mwaka 1992 jarida la madaktari wa mifugo la Uingereza, Veterinary Record, lilichapisha kisa cha mbwa aliyekuwa karantini England akiwa na mabuu ya tumbu. Enzi hizo mbwa akiingia Uingereza alikuwa anafungiwa miezi sita. Ilikuwa gharama na ilikuwa ukatili kidogo, lakini buu alitokea mbele ya watu waliokuwa wanalipwa kuangalia mbwa. Mwaka 2000 wakaanza mfumo wa pasipoti za wanyama, na polepole kufungiwa kukabaki kwa wale wenye makaratasi hayajakamilika. Chanjo na kipimo cha damu vikachukua nafasi ya kizuizi. Kwa kichaa hiyo ni fair, kipimo cha damu kinajua kazi yake. Kwa buu hakuna kitu kilikuja kuchukua nafasi. Kuna mlango ulifungwa na dirisha likasahaulika.

Sasa, je, ni balaa kwa Ulaya? Hapa nitakuwa mkweli hata kama panic inaleta clicks. Si balaa. Nzi huyu anataka joto na unyevu, na baridi ya huko inamshinda. Pia haruki kutoka mbwa hadi mtu. Mtoto akimkumbatia mbwa mwenye jipu la tumbu, hapati tumbu. Buu lazima aanguke, awe nzi, nzi apate mwenzake, ndio mayai yaanze upya. Kwa kapeti ya Manchester hiyo safari inaishia hapo.

Anayeumia kwanza ni mbwa. Buu mmoja mbwa mkubwa atavumilia. Makumi ya mabuu kwa puppy mdogo ni vidonda kila mahali, na vidonda vikiingia uchafu anaweza kufa. Wa pili ni breeder. Mteja anapiga picha, anapost, na caption inasema mbwa wa Kenya wana funza. Hakuna mtu atauliza kama aliuziwa na yule kijana mwenye sakafu ya simiti na rekodi za chanjo ama na yule mwingine. Biashara ya referral ikichafuka imechafuka. Na wa tatu kuna mtu husahaulika: vet wa huko, mwenye maisha yake yote hajawahi kuona hii kitu, anaangalia jipu, anaandika antibiotiki, na mbwa anaendelea kulipishwa dawa ya ugonjwa hana.

Mahali pa kuogopa ni zile nchi zenye hali ya hewa kama yetu, ama karibu. Mwaka uo huo wa 1992 watafiti waliripoti watu wenye mabuu ya tumbu kusini magharibi mwa Saudi Arabia, upande ule wa milima ulio ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Wenye tuko na mafam Gulf tunajua vile ndege za Nairobi kwenda huko hazijai watu tu.

Na kama unadhani nzi ni mambo madogo, uliza Libya. Mwaka 1988 waligundua kwa mifugo yao skruwomu wa Amerika, nzi mwenye mabuu yake yanajikita kwa kidonda na kula nyama hai, yakizunguka kwenda ndani kama skrubu. Ni binamu mbaya zaidi wa story yetu, kwa sababu tumbu hukaa chini ya ngozi akamaliza akaenda, lakini skruwomu anaweza kuua ng'ombe. Alikuwa ameingia Afrika na mifugo iliyotolewa Amerika Kusini. FAO wakashtuka, maana akishuka chini ya Sahara, ng'ombe, swara, simba, sisi sote tumo. Dawa ilikuwa kufuga nzi, kuwafanya tasa kwa mionzi huko kiwanda cha Tuxtla Gutiérrez, Mexico, kuwapandisha ndege na kuwamwaga Libya kutoka angani, mpaka milioni 40 kwa wiki. Jike wa skruwomu huzaa na dume mmoja tu maisha yake yote, akipata tasa, ameisha. Nzi zaidi ya bilioni moja walimwagwa, na kufikia 1991 kazi ilikuwa imeisha. Bill ilipita dola milioni 70. Hiyo ni gharama ya mtu kutoangalia vidonda bandarini.

Huyo skruwomu ndiye yuko kwa news sai. Panama alikuwa amezuiwa miaka mingi, akapasua ukuta 2023, akapanda Costa Rica, Nicaragua, Honduras, Guatemala, na Novemba 2024 akafika Mexico. Marekani ikafunga mpaka kwa ng'ombe wa Mexico, ikafungua, ikafunga tena 2025. Agosti 2025 wakathibitisha mtu mmoja Maryland aliyekuwa ametoka El Salvador akiwa naye. Na kwa nini nakuambia haya kwa story ya mbwa? Kwa sababu kule Florida, mlipuko wa 2016 ulikuwa kwa visiwa vya kusini ukiua swala wadogo wa pale, zaidi ya 130, halafu Januari 2017 skruwomu akatokea Homestead, bara kabisa, ndani ya mbwa mmoja wa mtaani. Walikuwa wameweka kizuizi barabarani cha kukagua wanyama wanaotoka visiwani. Maelfu walikaguliwa. Mbwa ni mnyama wa kwenda na watu, analala nyuma ya gari, hakuna mtu humhesabu kama mzigo.

Ndio maana Marekani, kwa mbwa anayetoka nchi yenye skruwomu, inataka karatasi ya vet wa serikali kwamba alikaguliwa hiyo kitu ndani ya siku 5 kabla ya kusafiri. Siku 5, si 10. Mtu alikaa chini akapiga hesabu ya nzi kabla ya kuandika sheria. Na hapa Afrika tuko na skruwomu wetu wa kienyeji, Chrysomya bezziana, kwa hivyo hatuwezi kuwacheka.

Watu wa Thika nao hawahitaji kupelekwa Libya kuelewa hii. Wana mtaa mzima unaitwa Kiandutu, na ndutu kwa Kikuyu ni funza, wale wa miguu. Yule funza si wa hapa. Alitoka Amerika Kusini. Mwaka 1872 meli inaitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikafika Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, na ndani ya mchanga kulikuwa na funza. Misafara ya biashara na ya wakoloni ikambeba kwa nyayo za watu, akavuka bara zima, na kabla karne iishe alikuwa Zanzibar. Yaani miaka isiyofika thelathini, kwa miguu. Leo kuna watoto Kiambu na Murang'a wamekosa shule sababu yake, na mtaa umepewa jina lake. (Funza wa miguu ni kiroboto, si nzi, msichanganye. Ukimwambia vet mbwa ana funza, muonyeshe ni wapi: kwa nyayo na katikati ya vidole ni huyo wa Kiandutu, kwa tumbo, mapaja, masikio na mkia mshuku tumbu.)

Kwa hivyo nani afanye nini? Serikali kubadilisha cheti itachukua miaka na vikao vya chai. Lakini hizi siku 10 za mwisho ziko mikononi mwa mwenye mbwa, na bei yake ni ya chini kuliko kreti.

Siku hizo mbwa asilale kwa udongo. Simiti, ama mbao iliyoinuliwa, pakavu, pamefagiliwa. Ukaguzi pekee hautoshi, kwa sababu buu wa jana haonekani hata na vet mwenye macho mazuri, lazima umkatie njia ya kuingia. Halafu kwa njia ya Uingereza kuna kitu tayari kiko kwa sheria na watu hawakitumii vizuri: mbwa lazima apewe dawa ya tegu na vet kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Yaani vet lazima amuone tena siku za mwisho. Si umeshalipia hiyo visit? Mwambie amgeuze. Apitishe vidole tumboni, kwa makende kama ni dume, chini ya mkia, ndani ya masikio, katikati ya miguu. Mbwa wa manyoya marefu kama Spitz haonyeshi kwa macho, lazima umpapase.

Halafu blanketi. Hii ndio inanisumbua kuliko zote. Kila mtu anaambiwa amuwekee mbwa blanketi ya nyumbani kwa kreti ndio asikie harufu anayoijua asiogope. Ushauri poa. Lakini kama hiyo blanketi ilifuliwa ikaanikwa kwa ua ama kwa nyasi, kivulini, ikakauka nusu, umempakia mbwa na mayai pamoja. Mbwa anaweza kutoka Thika akiwa msafi na aambukizwe juu ya mawingu, kwa kreti yake mwenyewe. Hapa ndio binadamu pia anaingia, maana kibuu kwa kitambaa hakichagui ngozi ya nani. Anika juani kabisa kwa kamba, halafu piga pasi ya moto pande zote mbili. Shosho alikuwa anapiga pasi mpaka nepi, na watu walidhani ni show.

Ukipata jipu lenye kashimo, usikamue kwa nguvu. Buu akipasukia ndani, ngozi inavimba na inaoza. Paka mafuta mazito juu ya kashimo, Vaseline inafanya, akose hewa. Atapanda juu kutafuta pumzi, na hapo anasukumwa taratibu kutoka pande mbili. Wakiwa wengi, ama mbwa akiwa puppy, hiyo ni kazi ya vet, si ya wewe na simu ya kurekodi.

Na kama mbwa ameshafika huko na jipu limetokea huko, mwambie anayemlea aanze na sentensi moja kwa daktari: huyu ametoka Kenya wiki iliyopita. Buu mwenyewe asitupwe chooni. Aingie kwa kachupa kenye spirit, aende naye kliniki, wamuangalie kwa darubini wajue ni tumbu ama ni yule mwingine wa skrubu, kwa sababu yule mwingine lazima serikali yao ipigiwe simu siku hiyo hiyo.